Serahangi Amelala Makumbushoni

Kihori kilikuwa kimeshaachana na ubavu wa merikebu, kamba imetupwa, makasia yameshika maji, pale Serahangi alipochomoza juu ya sitaha na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

“Ngojeni!”

“Hatungoji!” akajibu Shangazi, amekaa nyuma ya kihori na mkoba wake magotini kama mtu aliyekalia kiti cha enzi. “Mtu mzima anaamshwa mara ngapi?”

“Shangazi, tunakwenda kwa ajili yake,” Sindano akanong'ona.

“Mimi nakwenda kwa ajili ya mnara wa saa. Kuna mnara wa saa, kuna makumbusho, kuna kilima unachoona bandari nzima. Nimesoma.”

Aliyekuwa akipiga makasia ni Mpishi, maana alikuwa na safari yake ya sokoni kutafuta mboga. Akaacha kasia moja lining'inie. “Ruka, mkubwa! Ukipatia utasafiri, ukikosea utaoga.”

Serahangi akaruka. Alipatia, lakini kihori kililala upande, maji yakaingia, na gauni la Shangazi likalowa mpaka magotini.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Umenilowesha.”

Sindano akafumba macho. Na siku ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Jina la Sindano alibandikwa na mabaharia, kwa sababu alikuwa mshona matanga na ulimi wake nao ulikuwa unachoma. Chombo kilikuwa cha mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye ndiye Nahodha. Kilibeba mbao na saruji kutoka bandari moja kwenda nyingine, na kilikwenda kwa upepo, si kwa mashine. Serahangi alikuwa mkubwa wa mabaharia wa sitaha: yeye ndiye anayeamuru tanga lipande, na likipanda vibaya yeye ndiye anayetukanwa.

Sasa, watu wa chombo wanaishi kwa zamu. Safari nzima hii Serahangi alikuwa zamu ya usiku. Jua likizama anapanda, jua likichomoza anashuka kulala. Sindano naye kazi yake ni ya mchana, maana tanga halishonwi gizani. Walikutana alfajiri tu, mlangoni pa jiko, yeye anashuka na macho mekundu, huyu anapanda na nywele hazijachanwa, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Hawakuwa na nafasi ya kukaa. Walisimama, mgongo wa huyu kwenye mwimo huu wa mlango na mgongo wa yule kwenye mwimo ule, mvuke wa chai unapanda katikati, wanatazamana. Mapenzi yao yote yalikuwa yameotea hapo mlangoni, kama jani lililoota kwenye ufa wa saruji.

Shangazi, dada wa baba, alipanda chomboni bandari iliyopita. Hakuja kutembea, ingawa kutembea alikupenda. Ukoo wa baba ulikuwa umemtuma: nenda ukamtazame huyo mwanamume. Nyumbani kulikuwa na mtu mwingine, mwenye duka la vigae, mpole, ana nyumba, na watu wake walikuwa wamechoka kungoja jibu. Jioni ile ile Shangazi angepanda treni arudi, na jibu angerudi nalo, ndiyo au hapana. Alichotaka ni kitu kimoja: Serahangi amwambie yeye, kwa mdomo wake, anamtaka huyu mtoto kwa nini na atamweka vipi. Sindano angeweza kuolewa bila ruhusa ya mtu. Umri alikuwa nao na kazi alikuwa nayo. Lakini baba yake alikuwa kitandani, mgonjwa wa muda mrefu, na Sindano hakutaka kuolewa kama mtu aliyetoroka dirishani.

“Sema tu,” alikuwa amemwambia Serahangi alfajiri ile. “Maneno matatu, manne. Una siku nzima.”

“Nitasema.”

Nahodha alikuwa ametangaza kwamba wangeng'oa nanga jioni, maji yakijaa. Siku nzima ilikuwapo, kweli.

*

Mnara wa saa ulikuwa umefungwa kwa matengenezo.

“Umefungwa vipi?” Shangazi alimuuliza mlinzi. “Mimi nimetoka mbali.”

“Mama, wote wanatoka mbali.”

“Basi niambie saa ngapi.”

“Saa yenyewe ndiyo inayotengenezwa.”

Shangazi akaamua kwamba kama haiwezekani kupanda, itawezekana kupiga picha. Akawasimamisha wawili hao chini ya mnara, akarudi nyuma na simu yake, akarudi tena, akawaambia wasogeane, kisha akawaambia wasisogeane sana.

Ndipo Sindano akamtazama Serahangi kwa mara ya kwanza mchana kweupe, bila mvuke wa chai. Ndevu zake zilikuwa na mvi kidevuni; hakuzijua. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na kovu jembamba kama uzi uliokatika. Mdomo ulikuwa uleule. Moyo ukamruka, halafu akajikasirikia kwa kuruka moyo mbele ya mlinzi.

“Unanitazama nini?” Serahangi akauliza pembeni ya mdomo.

“Nakutafuta.”

“Niko hapa.”

“Ndiyo. Ila unayumba.”

Alikuwa anayumba kweli. Saa zile kila siku huwa amelala fofofo. Mwili haujui habari za minara. Mwili unajua zamu.

“Mwambie sasa,” Sindano akanong'ona. “Amefurahi, anapiga picha.”

“Barabarani hivi?”

“Basi wapi? Unataka ukumbi?”

“Tukifika pahali pa kukaa.”

Wakaondoka. Shangazi mbele, mkoba kwapani, anasoma mabango yote kwa sauti. Mtaa ulikuwa mwembamba, wenye maduka ya miwani na viatu pande zote, na mbele ya kila duka turubai limefungwa kuzuia jua. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Sindano alikuwa bado anapanga maneno ya kumsukuma yule mwanamume mbele alipogundua kwamba hayupo ubavuni pake. Akageuka. Serahangi alikuwa amesimama mbele ya duka la miwani, kichwa juu, anatazama fundo la kamba ya turubai kwa uso wa mtu aliyeona mtoto anacheza na kisu.

“Usiguse,” Sindano akasema.

“Limefungwa vibaya.”

“Si turubai lako.”

“Upepo ukivuma hili litaondoka na kioo.”

“Na liondoke! Usiguse!”

Lakini mkono ulikuwa umeshafika. Serahangi hawezi kupita fundo baya, kama vile watu wengine wasivyoweza kupita kioo. Akalifungua alifunge upya. Asichokiona ni kwamba turubai lilikuwa limebeba tumbo zima la maji ya mvua, na kwamba Shangazi alikuwa amerudi kuona kinachowachelewesha.

Maji yalishuka yote pamoja.

Mwenye duka alitoka, akamtazama Shangazi, akamtazama Serahangi mwenye kamba mkononi, akarudi ndani kuleta taulo.

“Asubuhi ulinilowesha chini,” Shangazi akasema taratibu, maji yakimtiririka masikioni. “Naona ulikuwa hujamaliza.”

“Samahani, Shangazi. Fundo lile…”

“Usinieleze fundo.”

Sindano alimvuta Serahangi mkono, akamsogeza ukutani, akasema kwa sauti ya chini yenye meno: “Wewe umekuja kuniomba au umekuja kunikosesha?”

“Sasa limekaa vizuri lakini,” akasema Serahangi, akilitazama.

*

Makumbusho yalikuwa na feni. Shangazi, aliyekuwa amejifunga taulo la mwenye duka shingoni na kukataa kulirudisha, alipoona feni akasamehe nusu. Walipita vyungu, wakapita mikuki, wakafika chumba cha mwisho chenye mfano wa merikebu ndani ya sanduku la kioo, na mbele yake benchi refu la mbao. Chumba kilikuwa kitupu. Mwangalizi alikuwa mlangoni anafuma soksi.

“Hapa pa kukaa,” Sindano akamwambia Serahangi, akamgonga ubavuni kwa kidole. “Kaa. Sema.”

Serahangi akakaa, wima, mikono magotini. Shangazi akakaa kando yake chini ya feni. Sindano akaenda upande wa pili wa chumba, akajifanya anasoma maelezo ya merikebu ya sandukuni, maana si vizuri mtu kusikiliza anapoombwa. Alisikiliza kila neno.

“Mwanangu,” Shangazi akaanza, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, “mimi si mtu mbaya. Nimelowa mara mbili, lakini si mbaya. Huyu mtoto nimemlea mimi mama yake alipokuwa hospitali. Nataka kujua tu. Unamtaka nini?”

Serahangi alikuwa anaitazama merikebu.

“Sawa, fikiria. Napenda mtu anayefikiria. Ngoja nikwambie mimi. Marehemu mume wangu, nikifungua mdomo, yeye anafungua redio. Miaka yote. Nikilia, anaongeza sauti. Mtu mzuri, hakunipiga, hakuninyima. Lakini nilikuwa nikizungumza na sufuria. Sasa sitaki huyu azungumze na sufuria. Unanielewa?”

Serahangi akainamisha kichwa kidogo.

“Unaelewa,” Shangazi akasema, na Sindano, kupitia kioo, akaona uso wa shangazi yake unalainika. “Mimi sijawahi kukaa na mwanamume akanisikiliza hivi. Nilikuja na hapana yangu mkobani, nisikufiche. Baharia, nikasema, mtu wa kuondoka kila siku. Lakini nakuona una utulivu. Huna haraka ya kunijibu. Hata macho hupepesi…”

Sindano akashika ukingo wa sanduku. Alijua kwa nini macho hayapepesi. Mabaharia wa usiku wanajifunza kulala wameketi wima, kope zimeachwa wazi kama mlango, ili nahodha akipita asigundue.

“Shangazi,” akaita, “twende tukaone…”

“Nyamaza, nazungumza na mwenzako. Basi mwanangu, nikuulize la mwisho. Utamweka wapi?”

Serahangi alijibu. Alijibu kwa mkoromo mrefu, mzito, uliotoka chini kabisa ya kifua, ukazunguka chumba, ukarudi. Mwangalizi akaangusha soksi.

Shangazi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Sindano. Alisimama, akavua taulo shingoni, akamfunika nalo Serahangi kichwani, akatoka.

*

“Umelala!”

Walikuwa kwenye ngazi za makumbusho. Shangazi alikuwa ameingia maliwatoni kujiweka sawa, na ukimya wake ulisikika mpaka nje.

“Nimelala,” Serahangi akakiri, akijifikicha uso.

“Alikuwa anakuuliza utaniweka wapi!”

“Sikusikia.”

“Najua hukusikia! Alikuwa amekubali, unasikia? Alikuwa anakusifia! Anasema una utulivu!” Sindano alijikuta anacheka na kulia mahali pamoja, na hilo likamzidishia hasira. “Siku moja. Nimekuomba siku moja uwe macho. Wenzako wanaombwa nyumba, wanaombwa gari. Mimi nimekuomba kope!”

“Nimetoka zamu alfajiri. Zamu yangu ni usiku, unajua.”

“Kila mtu anabadilishana zamu! Safari nzima wewe usiku, usiku, usiku, kama popo. Kwa nini hukumwambia Mjomba akupe mchana hata wiki moja? Au hukutaka? Au mlangoni pale panakutosha?”

Serahangi akakaa kwenye ngazi. Akavua kofia, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena.

“Mjomba wako ndiye aliyenipa usiku,” akasema.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nilimwomba.”

“Ulimwomba usiku?”

“Nilikuomba wewe.”

Sindano akakaa naye, bila kukusudia. Miguu ilikaa yenyewe.

“Mwanzo wa safari,” Serahangi akaendelea. “Nilikwenda chumbani kwake, nikasema, Nahodha, nataka kumwoa mpwa wako. Akasema, nitafikiri. Kesho yake nikaona zamu zimebadilishwa. Mimi usiku. Nikadhani ni ya wiki moja. Ikawa ndiyo hiyo.”

“Na hukuniambia.”

“Ningekwambia saa ngapi?”

“Alfajiri! Kila siku alfajiri tumesimama pale kama mizigo!”

“Alfajiri nilikuwa nakutazama,” akasema, kwa urahisi, kama mtu anayetaja hali ya hewa. “Ni muda mdogo. Sikutaka kuutumia kwa habari za mjomba wako.”

Kuna maneno ambayo mwanamke akiyasikia hajui amkumbatie mtu au amsukume ngazini. Sindano alimtazama yule mwanamume, macho mekundu, mvi kidevuni, unyevu wa taulo bado nyweleni. Akanyoosha mkono kumfuta maji kwenye kovu lile la chini ya jicho. Kidole kilikaa hapo zaidi ya kilivyohitajika.

“Mpumbavu,” akamwambia polepole.

“Ndiyo.”

“Na Mjomba naye atanijua leo. Anaogopa atapoteza mshona matanga na serahangi kwa harusi moja.”

“Nani anaogopa nini?” Shangazi alikuwa amesimama juu yao, uso umekauka. “Nimesikia. Si yote, lakini linalonihusu nimelisikia. Ulimwomba nani?”

Serahangi akasimama haraka. “Nahodha, Shangazi.”

“Ulimwomba mjomba wake. Upande wa mama.” Shangazi alizungumza kama mtu anayehesabu matusi aliyotukanwa. “Baba yake yuko hai, kitandani, akili timamu. Mimi niko hai. Wewe ukaenda upande wa mama kwanza, sisi tufuate nyuma kama mkia. Kwa hiyo hii safari yangu, matapishi yangu yote baharini, ilikuwa ya nini?”

“Hakumwomba kama mjomba,” Sindano akajaribu. “Alimwomba kama nahodha.”

“Ndiyo,” Serahangi akasema. “Chomboni kila kitu unaomba kwa nahodha. Maji ya kuoga unaomba. Kushuka bandarini unaomba. Sikufikiri kwamba kuna pa kuomba pengine.”

“Hukufikiri.”

“Niko baharini tangu nikiwa kijana, Shangazi.”

“Basi na ubaki huko.” Akageuka, mkoba kwapani. “Twende kilimani.”

“Shangazi, bado unataka kwenda kilimani?” Sindano alikuwa karibu kupiga yowe.

“Nimekuja kuona bandari nzima. Nitaiona. Hamtaninyima na hilo.”

*

Walipanda kwa mstari, hasira mbele, hasira katikati, usingizi nyuma. Juu palikuwa na uzio wa chuma na viti vya saruji. Bandari ilikuwa yote pale chini kama alivyoahidiwa Shangazi: maghala, winchi, meli kubwa za chuma, na kando yao merikebu ya Nahodha, ndogo, matanga yamekunjwa.

Shangazi hakupiga picha hata moja.

“Nitamwambia baba yako ukweli,” akasema, akitazama maji. “Sitatia chumvi. Nitasema ni mwanamume wa heshima, anafanya kazi, hajui watu, na nilipomuuliza neno moja akakoroma. Na watu wa vigae nao wanangoja.”

“Mwenye vigae simtaki.”

“Hajakoroma.”

“Hajaniuliza kitu pia! Shangazi, hamjaniuliza kitu nyote! Mjomba ananificha usiku, wewe unanipima mchana, huyu…” Akamgeukia Serahangi amalize naye, na hapo akakiona anachokitazama.

Chini bandarini, juu ya mlingoti wa mbele wa merikebu, bendera ya manjano ilikuwa inapanda.

Watu wa chombo kile waliijua kama mtoto anavyoijua sauti ya mama yake. Ikipanda hiyo maana yake ni moja: wote rudini, sasa hivi. Ukiwa unakula unaacha chakula. Ukiwa kwa kinyozi unarudi na nusu kichwa. Hakuna anayeuliza, kwa sababu siku utakayouliza ndiyo siku chombo kitakapoburura nanga. Na jua lilikuwa bado juu. Maji hayakuwa hata yameanza kujaa.

“Hakuna upepo,” Sindano akasema. “Hakuna hatari yoyote. Anatuita mapema makusudi. Amefahamu tuko na Shangazi, anataka turudi kabla…”

Serahangi alikuwa ameshasimama. Hakuamua kusimama, miguu ilisimama. Alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea njia ya kushuka, kofia mkononi, uso umeamka wote kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Ukishuka,” Sindano akasema, na hakupaza sauti, “shuka moja kwa moja. Sitakasirika. Nitajua tu kwamba wewe ni wa yule mzee, si wangu. Nitaendelea kukusalimu alfajiri, na chai yako nitakuachia mlangoni. Lakini mimi nitakuwa nimeshamjibu Shangazi.”

“Ni bendera,” Serahangi akasema. “Sijawahi kuiacha. Hata siku moja.”

“Najua.”

“Atanifukuza.”

“Najua. Na mimi sikwambii ubaki. Nimechoka kukwambia. Tangu asubuhi nakwambia.”

Akampa mgongo, akashika uzio kwa mikono miwili, akatazama bandari bila kuiona. Alingoja kusikia viatu vyake kwenye kokoto. Upepo mdogo ulipita. Kokoto zikalia mara moja, mara ya pili, halafu zikanyamaza.

“Shangazi,” ikasema sauti ya Serahangi, karibu. “Naomba ukae.”

Shangazi akakaa.

“Mimi nitasimama, nikikaa nitalala.” Alikuwa ameipa bendera mgongo, na ilionekana kwamba jambo hilo linamuumiza shingo. “Sijui kusema. Ningejua ningekuwa nimesema. Nilikosea kuanza kwa mjomba. Sikujua kuna wa kwanza na wa pili. Naomba radhi, na kwa baba yake naomba radhi, mfikishie. Uliniuliza namtaka nini. Namjua alfajiri tu. Najua anakunywa chai bila kuipuliza, inamuunguza, kila siku, na kila siku anashangaa. Najua akiwa na hasira anashona mishono midogo zaidi, mimi usiku naipapasa kwenye tanga kwa vidole, najua mchana wake ulikuwaje. Siku nyingine nasema, leo amekasirika huyu, kesho asubuhi nisimguse. Ndivyo tunavyoishi. Nataka mchana wake. Nataka nimwone akila. Nataka anitukane jua likiwa juu, kama leo. Leo imekuwa siku mbaya sana, na sijapata siku nyingine nzuri kama hii.”

Akaivaa kofia yake.

“Nitamweka wapi, sijui. Chomboni humo sitakuwa na pahali kuanzia sasa. Nitatafuta kazi ya nchi kavu. Nimemaliza.”

Shangazi alimtazama muda mrefu, kope kwa kope.

“Uko macho?”

“Niko macho.”

“Maana sitaki baadaye useme ulikuwa unaota.” Akafungua mkoba, akatafuta leso, akapenga kamasi kwa kishindo. “Mimi sina neno. Kaka yangu nitamweleza mimi. Lakini mimi siye unayemwoa. Geuka huko umuulize mwenyewe.”

“Ahaa!” Sindano aligeuka, machozi yanamtoka na mikono kiunoni. “Leo hii ndiyo mnakumbuka nami nipo! Tangu asubuhi nilikuwa wapi, sandukuni na ile merikebu?”

“Nakuuliza,” Serahangi akasema.

“Niulize vizuri.”

“Utanikubali?”

“Nimekukubali tangu lini sijui, wewe ndiye uliyekuwa umelala!” Akamshika kola kwa mikono miwili, akamtikisa, kisha akaegemeza paji la uso kifuani pake, hapo hapo, mbele ya Shangazi na bandari nzima. “Nimekubali. Nakubali. Umenichosha, umenichosha kabisa.”

Shangazi alitazama upande wa meli kubwa za chuma, kwa adabu, mpaka ilipokuwa sawa kutazama tena.

*

Walimsindikiza Shangazi stesheni kwanza, ndipo wakashuka gatini. Nahodha alikuwa amekuja mwenyewe na kihori, na begi la Serahangi alikuwa amelibeba ndani yake, limefungwa. Akalitupa juu ya gati. Sindano alimwambia mjomba wake maneno mengi, na baadhi yake aliyajutia.

Yeye alirudi chomboni. Tanga la mbele lilikuwa nusu halijashonwa, na si kazi ya kumwachia mtu katikati. Alimaliza safari ile, akaliona tanga linapanda na kukaa, akamkabidhi mjomba wake sindano za chombo, akashuka. Serahangi alikuwa amemngoja mji ule ule wa mnara wa saa, akifanya kazi ya mchana kwenye ghala la kamba.

Walifunga ndoa mwaka uliofuata, nyumbani kwa baba yake. Baba alitolewa kitandani na kuketishwa kitini, akaishi miezi michache baada ya hapo. Shangazi alihudhuria na kuzungumza sana. Watu wa vigae waliambiwa mapema. Mtoto wao alioa mwalimu, na wanaendelea vizuri. Mpishi alihamia meli ya mashine, na haandiki.

Nahodha alipata mshona matanga mwingine, hakudumu, akapata wa pili. Baadaye aliiuza merikebu, sasa inabeba mchanga. Harusini alikuja, akala, akampa mkono kila mtu ila bwana harusi. Walipatana mtoto alipozaliwa, kwa kiasi.

Serahangi na Sindano wana karakana ya maturubai karibu na gati. Wana watoto wawili wa kike. Yeye hupata usingizi kwa shida usiku, na mke wake hupata shida kumwamsha mchana. Wanagombana juu ya hilo mpaka leo.